Mali Haitangulii Maiti: Jibu Ninalomdai Ami Sefu

Kihanga, Jumatano, mwezi wa Rajabu. Ukungu umelala juu ya migomba tangu alfajiri na haujaamua kuondoka.

Nasema hivi, na nitalitetea neno hili mbele ya yeyote: mtumishi aliyekwenda kumzika jirani yake hakuacha kazi. Tajiri anayemfukuza kwa sababu hiyo ndiye aliyevunja mapatano, hata kama kahawa yake imeoza yote.

Nimetanguliza hukumu kabla ya kisa, kinyume na nilivyofundishwa. Mwalimu wetu wa shule ya serikali kule pwani alitaka ushahidi uje kwanza na hukumu ifuate nyuma yake kwa adabu. Leo sina adabu hiyo. Kisa kitakuja, na atakayetaka kunipinga atakikuta kizima.

Wanaolijua daftari hili wanajua desturi yake. Nikimaliza kuandika, nalilaza kwenye benchi la baraza ya duka letu. Anayejua herufi humsomea asiyejua, na majibu huyapata kwa mdomo nikipita njiani: wengine hunisifu, wengine huniuliza kama sina kazi ya kufanya. Safari hii simwandikii kila mtu. Namwandikia mwenye benchi.

Mwenye benchi ni Ami Sefu, mdogo wa marehemu baba yangu. Watu wetu walitoka pwani na misafara, wakafungua duka hapa, wakaoa hapa. Mama yangu ni Mnyambo wa Kanoni. Baba alipofariki, Ami ndiye aliyenilea, akanipeleka chuoni kwa Kurani, kisha akanipeleka shule ambayo hakuna kijana mwingine wa Kihanga aliyefika. Nilirudi na hati ya kuhitimu, sanduku la vitabu na ulimi mrefu. Vyote vitatu vimepatikana kwa jasho lake. Nimekuwa karani wake tangu niliporudi, na funguo za ghala lake zilikuwa zikining'inia kiunoni mwangu.

Kwa hiyo asiseme mtu kwamba simjui ninayebishana naye.

Sasa kisa. Ami ana banda la kahawa kule Kanoni. Hapo buni huchemshwa pamoja na majani yake ya harufu, kisha huanikwa juu ya majamvi hadi ikauke vizuri. Ndiyo ile kahawa ya kutafuna, akamwani, ambayo mgeni hupewa kiganjani kabla hajaulizwa habari. Ikiwa juani inahitaji kugeuzwa, na wingu likionekana inahitaji kuondolewa upesi, maana kahawa iliyochemshwa ikilowa huvunda. Mnyapara wa banda ni Kamugisha, mtu mrefu, mcheshi, mwenye majibu makali. Anakaa na mkewe katika nyumba iliyo ubavuni mwa banda, kwenye kiwanja cha Ami, na migomba inayoizunguka ameipanda mwenyewe. Nyumba huenda na kazi. Wote wanaofanya kazi chini yake wanatoka kitongoji hichohicho.

Wiki iliyopita akafa Mama Nyakato, kikongwe wa kitongoji hicho. Hakuwa ndugu wa Kamugisha, wala mkwe wake, wala mdeni wake. Alikuwa jirani.

Desturi ya nchi hii mtoto anaijua. Pakiwa na msiba, hakuna anayeinua jembe katika ujirani ule mpaka matanga yaanuliwe. Watu hukusanyika kwa wafiwa, hukaa, hulala, hula pamoja. Kamugisha na wenzake wakaenda, na kahawa ilikuwa juani.

Hapo Ami akafanya kosa ambalo mgeni asingelifanya. Mgeni angelikasirika tu, kwa kuwa haijui desturi. Ami anaijua, ameishi nayo kiasi cha kuweza kuishitaki kwa maneno yake yenyewe. Akatuma mtu Kanoni na ujumbe huu: desturi yenu inakataza jembe, nami siwaiti kulima. Kugeuza kahawa ni kazi ya mikono. Majembe yaacheni nyumbani, mikono ileteni bandani.

Nakiri kwamba nilipousikia ujumbe ule, niliusifu moyoni. Ulikuwa umejengwa vizuri.

Jibu la Kamugisha lilirudi siku ileile: mikono ndiyo tunayozikia.

Kisha ikanyesha, katikati ya kiangazi, mvua ambayo hakuna aliyeitarajia. Majamvi yalilowa na kahawa ikaota ukungu mweupe kama ndevu. Niliiona kwa macho yangu, na sitaki kujifanya kwamba hasara haikuwa hasara. Ilikuwa kahawa nzuri, na kule Bukoba kuna mtu aliyeahidiwa.

Juzi Jumatatu matanga yakawa yameanuliwa. Baada ya alasiri Kamugisha akafika hapa Kihanga, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba, kuja kuripoti kazini. Wenye maduka walikuwa wamekaa barazani kama kawaida yao. Alitoa shikamoo kwa Ami, naye Ami akaitikia marahaba huku akitazama barabara. Akampa pole. Kisha akamwuliza marehemu alikuwa nani wake.

"Jirani, Bwana."

"Jirani tu?"

"Jirani," akasema Kamugisha, kama mtu asiyeona neno "tu" linaingia wapi.

Ami akawageukia wenzake. "Basi ikiwa kila jirani akifa banda langu linafungwa, heri niache kahawa nikauze sanda."

Watu wakacheka. Mzee Shomari, muuza nguo wa duka la pili, akamwonya kwamba sanda ni biashara yake na hataki mshindani. Kamugisha mwenyewe alitabasamu. Lau mambo yangeishia katika kicheko kile, leo ningekuwa naandika juu ya hali ya hewa. Lakini Ami akaendelea. Akaitaja kahawa iliyovunda, akautaja ujumbe uliodharauliwa, akasema amechoka kuwalisha watu wanaomjua siku za ujira na kumsahau siku za mvua. Alisema mengi, na sauti yake ilipanda.

Kamugisha alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole kabisa:

"Sawa, Bwana. Siku yako ikifika, utuachie agizo mapema. Tuje, au tugeuze kahawa?"

Hakuna aliyecheka.

Ami akamfukuza palepale. Akamwambia aihame nyumba watakapofika watu wapya, ambao wataletwa kutoka Kimuli, mbali na misiba ya Kanoni. Na wa kwenda kuwachagua ni mimi.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa nibishane.

Ami anasema hakumfukuza kwa sababu ya msiba, alimfukuza kwa sababu ya ulimi. Mzee Shomari naye anasema hivyo. Siikubali hoja hii hata kidogo. Ulimi ule ulijibu, haukuanza. Ukimwuliza mtu mbele ya watu kama jirani yake alistahili kuzikwa naye, umekwisha kumpa ruhusa ya kukuuliza ni nani atakayekuzika wewe. Swali la Kamugisha lilikuwa chungu, lakini lilikuwa swali, na hadi leo halijajibiwa. Kumfukuza muulizaji si jibu.

Mzee Shomari amenikumbusha pia kwamba katika mashamba ya Wadachi mtumishi asiyeonekana kazini hulazwa chini akapigwa kiboko, kwa hiyo Ami ni mpole. Nimeyaona mashamba hayo nilipokuwa shuleni. Yalikuwa nyuma ya kilima chetu, na upepo ulipogeuka tulisikia. Sikusafiri njia yote ile, reli na meli na miguu, ili nije kuambiwa kwamba haki hupimwa kwa kiboko, na kwamba tajiri asiyekishika amekwisha kuwa mwadilifu.

Ipo hoja nzito zaidi, na ni ya Ami mwenyewe. Anauliza: je, mwenye mali abebe peke yake gharama ya desturi ya watu? Hili ni swali la heshima na nitalijibu kwa heshima. Ami aliwaajiri watu wa kitongoji kimoja kwa hiari yake, kwa kuwa wako karibu. Ujirani huo umemfaa. Chui alipozunguka zizi lake, nani waliotoka na mikuki bila kuitwa? Moto wa nyasi ulipolikaribia banda, nani waliouzima kwa matawi? Hakuna aliyekuja kudai ujira wa usiku ule. Walikuja kwa sababu ni majirani. Huwezi kuuvuna ujirani siku ya moto na kuukana siku ya kilio. Kama anataka kahawa isilowe kukiwa na msiba, dawa ni nyepesi: nusu ya watu watoke Kanoni, nusu watoke kwingine, na mapatano hayo yafanywe mapema, watu wakiwa wamekaa na kahawa viganjani, wala si kwa ujumbe unaotumwa kwenye maombolezo.

Dawa hiyo nilimpa jana asubuhi. Akasema nimesoma sana.

Ni neno analolitumia ninaposema kweli.

Na jana hiyohiyo alasiri, barazani, mbele ya watu walewale, nikasema lile ambalo hadi usiku lilikuwa halijamtoka mama yangu moyoni. Nitaliandika lote, maana bila hilo msomaji hawezi kuuona uzito wa shauri hili.

Mwaka jana, mara tu niliporudi kutoka pwani, alifariki Bi Zena, mke wa Ami. Watu wa Kanoni walikuja bila kuitwa. Hawazijui dua zetu, kwa hiyo walikaa nje ya uzio, juu ya nyasi, na wakabaki pale muda wote wa matanga. Majembe yao yalilala. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kupalilia maharage yake. Kahawa ya Ami ilikuwa juani wakati ule pia, na siku ya maziko wingu zito likatokea upande wa magharibi. Nilikuwa nimesimama karibu na Ami. Nilimwona Kamugisha akiinuka, akaja, akainama na kumnong'oneza kwamba atawachukua watu wachache wakaondoe majamvi, watarudi sasa hivi.

Ami akamshika mkono.

"Kaa," akamwambia. "Mali haitangulii maiti."

Kamugisha akakaa. Mvua ikanyesha. Kahawa ikavunda, na hakuna aliyelaumiwa, wala hakuna aliyethubutu kuitaja.

Kwa hiyo kanuni ile haikuletwa bandani na Kamugisha. Yeye alikuwa tayari kwenda kuiokoa kahawa. Tajiri wake ndiye aliyemzuia, ndiye aliyemfundisha, na mfundishwa akashika. Wiki iliyopita alilipa msiba wa Mama Nyakato heshima ileile aliyoambiwa aulipe msiba wa Bi Zena. Kosa lake ni kudhani kwamba maneno ya bwana wake yalikuwa kwa ajili ya maiti wote.

Hayo niliyasema barazani, kwa sauti ambayo labda ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika. Tasbihi ya Ami ilisimama kati ya vidole vyake.

"Usimtaje," akasema.

Akainuka, akaingia ndani. Wenye maduka wakakumbuka kila mmoja ana shughuli.

Nyumbani Mama hakunipa hata chai. Akaniambia nimemfufua Bi Zena mbele ya watu ili nishinde ubishi. Nikamjibu kwamba sikushinda kwa ajili yangu, bali kwa ajili ya Kamugisha.

"Kamugisha alikutuma?"

Kamugisha hakunituma. Yeye mwenyewe, aliyekuwa na haki ya kulisema neno lile kuliko mimi, aliyeshikwa mkono na kuambiwa kaa, alisimama juzi mbele ya bwana wake na hakulitaja. Alichagua kumwuliza Ami juu ya kifo chake mwenyewe, asimkumbushe kifo cha mkewe. Nimelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Mama anasema huo ndio utu. Inawezekana. Lakini utu huo ndio unaomtoa katika nyumba yake, na mkewe tayari ameanza kufungasha vyungu.

Najuta sauti. Neno silijutii.

Leo asubuhi, ukungu ukiwa mlangoni, Ami alikuja ghalani. Hakupaza sauti. Aliniambia nichague: kesho alfajiri niko njiani kwenda Kimuli, au funguo. Aliposema "funguo" hakunitazama, naye ni mtu anayewatazama watu.

Nilizifungua kutoka kiunoni. Nikatoka nazo hadi barazani, nikaziweka juu ya benchi, nikamwambia kwamba mimi si wa kwenda kuchagua watu watakaolala katika nyumba ya mtu aliyefukuzwa kwa kutii. Akasema ikiwa ni hivyo atamtuma mwingine Jumamosi. Akasimama kidogo, kama anayengoja niseme zaidi.

Yeye hakuzichukua funguo zile.

Mimi pia sikuzirudia. Zimeshinda pale kutwa. Wateja wameingia na kutoka, wameziona, wamekaa upande wa pili wa benchi. Mzee Shomari alikuja kuzitazama kama mtu anayemtazama nyoka bila kujua kama amekufa. Ghala limefungwa, na anayetaka chumvi ameambiwa arudi.

Nimeketi kwa Mama sasa, upande wa nyuma, naandika, na ukungu unaanza kurudi bila kuwa umewahi kuondoka vizuri. Naogopa. Sina kazi nyingine, na kwa Ami siwezi kuwa mtumishi aliyefukuzwa tu. Mimi ni mwanawe pia, na sijui mtoto huhamishwa vipi kutoka katika nyumba iliyomlea. Wapo watakaosema nimekosa shukrani. Nawajibu kwamba Ami alinipeleka shule nijifunze kutofautisha neno la kweli na neno lililojengwa vizuri tu. Ninamrudishia alichonilipia.

Na kwa Kamugisha nitakwenda kesho, kwa miguu yangu, Kanoni badala ya Kimuli. Nitamwomba radhi kwa kulitumia neno lake bila idhini. Kisha nitamwomba asihame kabla ya Ijumaa kupita.

Ami yangu, daftari hili nalilaza juu ya benchi lako, kando ya funguo. Najua utalisoma, au utasomewa. Sikuombi unirudishe ghalani. Sikuombi hata usamehe ulimi wa Kamugisha, ingawa kwa kufanya hivyo ungejipatia heshima. Ninadai kitu kimoja, na ninakidai kwa haki, kwa sababu ulimfukuza mtu hadharani, na kilichofanywa hadharani hakijibiwi chumbani.

Ijumaa baada ya sala watu watakuwa barazani wote, wa Kihanga na wa Kanoni. Toka, ukae mahali pako, utujibu kwa kinywa chako. Siku ile ya mvua ulimshika Kamugisha mkono ukamwambia mali haitangulii maiti. Je, ulikuwa unasema juu ya maiti, au ulikuwa unasema juu ya maiti wako?

Kama ni wako peke yake, sema hivyo, watu wasikie, nao watajua wafanye nini siku utakayowahitaji.

Kama ni maiti wote, zichukue funguo hizo umpelekee Kamugisha, ziwe alama kwamba kazi na nyumba vimemrudia. Mimi nitakuwa nimekaa chini kwenye nyasi, upande wa watu wa Kanoni, nikingoja jibu.